Breki za Safari ya Mama

Jumapili ile nilimtukana mume wangu kuanzia Kawempe mpaka Bwaise, na wala sikuona haya. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikamtukana kwa Kinande cha kwetu, na maneno yaliponiishia nikaokota kile kidogo ninachojua cha Kiganda nikaongezea. Jean-Claude hakujibu. Alishika usukani kwa mikono miwili, jasho linamtoka, na kila alipokanyaga breki gari nzima ilitetemeka kama mtu mwenye malaria, na mama yangu huko nyuma akapiga kelele.

Ngoja niseme vizuri, maana nikikumbuka hasira inanipanda na maneno yanatoka ovyo. Sisi ni watu wa Butembo, Kongo. Kampala tunaishi kama wakimbizi, na Jean-Claude anabeba samaki kwa vani yetu kuukuu, kutoka Ggaba kupeleka masokoni. Mama yangu, Huguette, alivuka mpaka kuja kwetu kutibiwa. Kansa ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya nyonga. Mwisho daktari akatuita pembeni, akasema hakuna la kufanya tena, mrudisheni nyumbani apumzike. Mimi nikadhani nyumbani ni Kawempe. Mama akasema nyumbani ni Butembo, kwenye kitanda chake, karibu na kaburi la baba, na hataki kufia kwa watu.

Sasa, kutoka mpakani mpaka Butembo si barabara ya kwenda peke yako. Magari yanakwenda kwa msafara, wanajeshi mbele, wanajeshi nyuma. Kaka yangu Ephraïm alikuwa anakuja na msafara kumpokea mama, na ungegeuka Jumatatu asubuhi. Ukiukosa huo, mwingine haijulikani ni lini, na mama hakuwa na siku za kusubiri. Sisi wenyewe tungeishia mpakani, maana mkimbizi akirudi alikokimbia, karatasi zake zimekufa. Kazi yetu ilikuwa moja tu, kumfikisha mama kwa Ephraïm akiwa hai. Na usiniulize habari ya basi. Mama hakuweza kukaa. Alikuwa mtu wa kulazwa, na tulimlaza kwenye godoro nyuma ya vani, pale panapokaa samaki.

Samaki! Balaa lenyewe lilianzia hapo. Asubuhi ile Jean-Claude alitoka Ggaba na mzigo wake wa mwisho, akapanda vilima na kushuka vilima, breki, breki, breki, akashusha samaki sokoni. Halafu, badala ya kuja nyumbani, akaipeleka gari kuoshwa ikiwa bado inatoa joto. Vijana wa pale wakaelekeza mpira wa maji ya baridi kwenye magurudumu, mvuke ukaruka, nao wakacheka. Gari ikaja nyumbani inang'aa. Tukampakia mama, tukaomba, tukaondoka. Breki ya kwanza tu, usukani ukaanza kucheza.

"Ni nini hiyo?" nikauliza.

"Sijui," akasema Jean-Claude.

Breki ya pili mama alilia. Sijawahi kumsikia mama yangu akilia namna ile, yeye aliyezaa watoto saba akiuma kitambaa tu. Tulipofika Bwaise aliniita, sauti imekauka. "Kavugho, kama ni hivi mpaka mpakani, niueni hapa hapa mnizike."

Jamani! Mama yako mzazi akwambie hivyo, utafanya nini? Nilimwambia Jean-Claude asimamishe gari. Akasimamisha, na kusimama kwenyewe kukamtesa mama mara nyingine.

Mtu wa bodaboda akatuonyesha njia ya matope pembeni ya Bombo Road. Kule ndani, akasema, kuna fundi mwenye mashine ya kukereza chuma, Mwacholi mmoja aliyekuwa fundi wa jeshi, na hata Jumapili yuko kwa sababu anaishi hapo hapo. Tulimkuta amekaa mlangoni na bakuli la maharagwe. Okeny. Mrefu, mkavu, hana haraka hata kidogo. Aliweka bakuli chini, akainyanyua gari kwa jeki na mama yumo ndani, akaitegemeza kwa mawe, akatoa magurudumu ya mbele. Akazungusha diski ya breki kwa mkono huku macho yake yako pale inapopita kwenye kibanio. Nami niliona. Sahani ile ya chuma ilikuwa inakwenda ikiyumba, mara huku, mara kule.

"Hii gari naosha leo?" akauliza. Kiswahili chake ni kile cha kambi ya jeshi.

"Asubuhi," akasema Jean-Claude.

"Ikiwa moto?"

Jean-Claude akatazama chini.

"Chuma moto, maji baridi," akasema Okeny. "Diski napinda."

Wee! Hapo ndipo nilipolipuka kwa kweli. Nilimwambia Jean-Claude kwamba mama yake hakumzaa, alimtapika. Nilimwambia mama yangu anakufa na yeye akili yake iko kwenye kung'arisha bati. Nani atakuona, nikamwambia, nani? Askari wa barabarani? Watu wa Bwaise walisimama kusikiliza. Yeye alifungua mdomo mara moja, akatazama upande wa gari alikolala mama, akaufunga. Kisha akachukua simu kuwatafuta wauza spea, tununue diski nyingine. Maduka yamefungwa. Mmoja alipokea akasema yuko harusini, Masaka.

"Fundi, utazinyoosha?" nikamuuliza Okeny.

"Hapana nyoosha. Nakata juu, mpaka inakuwa sawa." Akapima unene wa diski kwa kipimo chake, akapima tena sehemu nyingine, akanuna. "Nyama kidogo sana. Nakata mara moja tu. Kama naharibu, hapana rudia. Diski nyembamba navunjika kwenye mteremko, nyinyi wote nakufa."

"Basi kata, afande! Unangoja nini?"

Kumbe mtu yule haharakishwi na mtu. Aliichukua diski ya kwanza, akaigeuza, akaanza kukwangua kutu upande wa ndani, pale inapokaa kwenye ekseli. Anakwangua, anapuliza, anapitisha msasa, anapapasa kwa kidole. Wingu jeusi limeshatanda juu ya Bwaise na yeye anapapasa! Nikamwambia hapo pedi ya breki haigusi kabisa, unasafisha nini? Bila kuniangalia akasema, "Hapa nakaa. Kutu kidogo hapa, huko nje nayumba nyingi." Akaifunga kwenye taya za mashine, akaegemeza mguu wa saa yake ya kupimia myumbo kwenye diski, mshale ukacheza. Akagonga kwa nyundo ndogo ya shaba. Mshale ukacheza kidogo. Akagonga tena. Mimi nilikuwa natafuna kucha zangu, na mama ananiita nimpe maji, nikaenda nikampa, nikarudi, bado anagonga.

Mshale ulipotulia akawasha. Mashine ikanguruma, kisu kikagusa chuma, na hapo nikaiona aibu yote ya ile gari kuoshwa. Upande mmoja wa diski kisu kilikula, ukang'aa mweupe. Upande wa pili kilipita hewani bila kugusa, ukabaki mweusi. Diski ilikuwa imepinda kabisa. Unga mweusi wa chuma ukamwagika chini, kisu kikaenda polepole kutoka ukingoni kuelekea katikati, kikarudi, kikaenda. Upande wa kwanza ukaisha, mweupe wote. Akageuza, akasafisha, akagonga, upande wa pili ukaisha. Diski moja tayari. Nikasema aksanti Yesu, twende hivyo hivyo na hiyo moja.

"Hapana. Moja nzuri, moja mbaya, gari navuta upande. Mzee wako nalia zaidi."

Mvua ikaanza akiwa kwenye diski ya pili. Si manyunyu, mvua ile ya Bwaise inayokuja na mtaro mzima. Karakana ya Okeny ilikuwa imejengwa juu ya saruji, lakini uwanja ulikuwa chini, na gari ilikuwa uwanjani, imekaa juu ya mawe, haina magurudumu ya mbele, na mama yangu ndani. Nikatoka kufunga mlango wa nyuma. Maji yalikuwa yamefika vidole vya miguu. Nilipomfunika mama shuka la pili akanishika mkono, akauliza tumefika wapi. Nikamwambia tuko njiani, mama. Tulikuwa Bwaise.

Upande wa kwanza wa diski ya pili ukaisha vizuri. Wa mwisho kabisa, kisu kimefika nusu, umeme ukakatika.

Okeny alikirudisha kisu nyuma kabla diski haijasimama, mkono wake ulikwenda wenyewe. Ikabaki mvua tu juu ya mabati. Nikaitazama diski. Nusu nyeupe, nusu nyeusi, na katikati yake ngazi ndogo unayoweza kuisikia kwa kucha. Hiyo huwezi kuirudisha kwenye gari. Ilikuwa mbaya kuliko ilivyokuja.

"Umeme utarudi saa ngapi?" nikauliza.

"Bwaise ikijaa maji, umeme nazima mpaka kesho," akasema Okeny. "Nazima makusudi, watu wasife."

Nilikaa chini kwenye ule unga wa chuma. Sikulia, nilikosa hata nguvu ya kulia. Nilimuona Ephraïm mpakani anatazama barabara, nikaona msafara unawasha injini. Jean-Claude alikuja kuniinua, nikamsukuma. "Usinishike! Nenda ukaoshe gari!"

Okeny alikuwa ameingia kwenye kona yake anapekua vyuma. Akatoka na mpini mrefu uliopinda, kama ule wa kuwashia lori za zamani. Akafungua mikanda ya mota, akauchomeka mpini kwenye tundu la nyuma ya mashine, akaukaza.

"Kambini umeme nakatika kila siku," akasema. "Kuja hapa, mama. Na wewe bwana. Wote wawili."

Akatueleza. Sisi tunazungusha, mashine yenyewe inasogeza kisu kidogo kidogo. Yeye anarudisha kisu mwanzo, kwenye namba ile ile aliyokuwa amekata, na kikifika pale kilipoachia kitaendelea. Lakini mwendo uwe mmoja. Hakuna kukimbia, hakuna kulegea. "Na hapana simama. Kama nyinyi nasimama, kisu nafanya alama. Nyama ya kuifuta hakuna. Hiyo alama mzee atasikia kila breki mpaka mpakani."

Tukashika. Mimi upande huu, Jean-Claude upande ule, uso kwa uso na mwanamume niliyemtukana mchana kutwa. Mpini ni mzito! Ukishuka unakuvuta, ukipanda unakusukuma. Mwanzoni kisu kilipita hewani na nikafikiri ni rahisi. Kisha kikaingia kwenye chuma na mabega yakajua. Okeny alikuwa anahesabu kwa Kiacholi, sauti moja, kama anabembeleza mtoto. Jean-Claude ana bega bovu tangu Kongo, nilimuona anauma midomo. Peke yake asingeweza hata mzunguko mmoja, na mimi peke yangu hivyo hivyo.

Hapo ndipo mama alipoita.

"Kavugho!"

Sikuachia.

"Kavugho! Maji! Kavugho, maji yananifikia!"

Ee Mungu, usimwonyeshe hata adui yangu. Gari ilikuwa hatua chache tu, mlango wa karakana uko wazi, naona maji ya kahawia yamefika chini ya milango. Mama yangu, ambaye hawezi hata kugeuka ubavu, ananiita kwa jina alilonipa mwenyewe. Na mikono yangu iko kwenye mpini. Nilimtazama Okeny. Alitazama kisu. Kisu kilikuwa kimebakiza upana wa vidole viwili.

"Nakuja, mama!" nikapiga kelele. "Nakuja!" Na nikazungusha. Machozi na kamasi vinanitiririka, siwezi hata kupangusa. Nilizungusha. Mama akaita tena, kisha akaanza kuita jina la mama yake aliyekufa zamani. Jean-Claude naye alikuwa analia, wazi wazi, bila kuficha uso.

Kisha nikaona yunifomu. Mwanamke wa polisi, mnene, anakatiza uwanja, viatu ameshika mkononi, maji magotini. Alikuwa Abalo, mke wa Okeny, anatoka zamu. Okeny alimwita kwa lugha yao, maneno mawili matatu, bila kuondoa macho kwenye kisu. Abalo hakuuliza. Aliutupa mkoba juu ya saruji, akafungua mlango wa vani, akaingia na yunifomu yake, akamwinua mama kifuani pake pamoja na godoro upande mmoja, maji yakapita chini. Nikasikia sauti yake nzito. "Mama mzee, mimi niko hapa. Mimi askari. Maji hapana kukamata wewe." Mama akanyamaza.

Tukazungusha mpaka Okeny aliposema basi. Mikono yangu ilikataa kufunguka, Jean-Claude akanitoa kidole kimoja kimoja. Okeny alipitisha kucha juu ya diski, kutoka ukingoni mpaka ndani, polepole. Akairudia. Kisha akashika mkono wangu, akanipitisha kidole changu mwenyewe pale palipokuwa na ile ngazi. Hapakuwa na kitu.

Alifunga zile diski ameinama ndani ya maji, kifua kimelowa, anapapasa nati kwa vidole kwa sababu haoni. Watu wa Bwaise, wale wale waliosimama kusikiliza matusi yangu, walikuja kutusukuma mpaka kwenye lami. Godoro lilikuwa limelowa upande mmoja. Abalo akatupatia la kwake, na blanketi la kambini juu. Okeny aliinamia dirisha la Jean-Claude. "Kanyaga pole pole kwanza. Na hapana osha ikiwa moto."

Tuliondoka bado kuna mwanga. Mimi nilikaa mbele, maana Abalo alimlaza mama katikati kabisa na hapakuwa na pa kukaa nyuma. Tukaenda. Mbele yetu lori likapunguza mwendo, Jean-Claude akakanyaga breki. Nilifumba macho, nikakaza meno, nikasubiri.

Gari ikasimama. Usukani haukutikisika. Na nyuma, kimya.

Kimya kile kiliniogopesha kuliko kelele zote. Sikuthubutu kugeuka. "Kanyaga tena," nikamwambia Jean-Claude. Akaenda kidogo, akakanyaga. Kimya. Nikajua imekwisha, tumechelewa, amekufa mikononi mwa mgeni akidhani mimi sikutaka kuja. Nikageuka.

Mama alikuwa ananitazama, macho wazi kabisa.

"Mbona mnasimama simama?" akasema. "Twendeni." Akapumua kwa shida. "Na gari imechafuka tena. Mkwe wangu, kabla ya mpaka uioshe. Nilikwambia tangu asubuhi, sirudi kwa watu wa Butembo nikinuka samaki."

Nikamtazama Jean-Claude. Yeye alitazama barabara. Kwetu mkwe hambishii mama mkwe, wala hamshitaki kwa binti yake, na yeye alikuwa ameyabeba matusi yangu yote, kuanzia Kawempe, akiwa ameziba mdomo. Niliweka mkono wangu juu ya lile bega bovu, nikauacha hapo mpaka Fort Portal.

Usiku mzima mama aliugulia, sikudanganyi, lakini ilikuwa maumivu yake mwenyewe, si ya breki. Tulifika karibu na mpaka kunapambazuka. Kutoka pale tuliposimama tulisikia malori ya msafara yanaunguruma upande wa pili, na Ephraïm alikuwa kwenye simu anapiga kelele, njooni, njooni, wanapanga magari! Nikanunua madumu mawili ya maji kwa mama mmoja aliyekuwa anafungua kibanda. Jean-Claude aliniangalia kama nimerukwa na akili.

"Kavugho, msafara!"

"Mama amesema ioshwe," nikasema.

Tulianzia juu, tukashuka milangoni, mimi kwa kitambaa changu cha kichwa, yeye kwa shati lake. Magurudumu tuliyaacha ya mwisho. Nikaweka kiganja karibu na chuma. Bado moto. Ephraïm anapiga simu, nimeichuchumalia ile diski, nangoja. Mama akagonga kioo kwa ndani, kidogo tu, akanionyesha kwa kidole: na magurudumu. Nikamwambia naam, mama, yanapoa. Yalipopoa tuliyaosha.

Mpakani Ephraïm alimpokea akiwa na watu wanne wa Butembo, wakambeba na godoro la Abalo. Mmoja wao akasema, ona, Mama Huguette amerudi na gari safi kutoka Kampala. Mama alifumba macho, akatabasamu. Alinishika mkono mpaka pale wanapozuia watu, halafu mkono ukaachia. Alifika Butembo. Alikaa kwenye kitanda chake siku chache, akalala karibu na baba.

Sisi tuligeuza gari asubuhi ile ile tuliyomkabidhi. Inang'aa, haina mtu nyuma. Kwenye mteremko wa kwanza Jean-Claude alikanyaga breki, polepole, kama alivyofundishwa, gari ikatulia bila kutikisika hata kidogo. Nami nikageuka nyuma kusikiliza.